Msumari wa Daktari Gicuku

Kabla sijarudisha funguo za maabara ya mazoezi, Daktari Kirimi, ambaye sasa ni mkuu wa Idara ya Uzazi, aliniomba niandike machache kwa ajili yenu mnaobaki. Alisema kurasa tatu zitatosha. Kirimi nimemjua tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, akishona ulimi wa ng'ombe huku jasho likimtoka, kwa hivyo hawezi kunipimia kurasa. Vyeo sitavitaja, kwanza kwa sababu vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua, maana wenu unafanana nao. Nitaeleza kazi yenyewe, na kosa moja nililolifanya nikidhani ninasaidia. Wengi wenu mlikuwa mkitundika miavuli kwenye ule msumari wa korido bila kujua ulikuwa wa nani.

Nilikuja chuoni kutoka Timau, ambako nilikuwa fundi wa pampu za kunyunyizia dawa kwenye shamba la maua. Idara ilikuwa imeletewa mwanasesere wa plastiki kutoka ng'ambo, mkubwa kama mtu mzima, wa kuwafundisha wanafunzi kuzalisha. Ndani yake mlikuwa na pampu, na pampu ilikuwa inavuja. Kitabu cha maelezo kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua Meru nzima. Basi wakatafuta mtu wa pampu, wakanipata mimi, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya uzazi.

Siku ya kwanza nilimkuta mwanamke mfupi ameketi sakafuni mwa maabara, viatu kando, akishona kitu kutoka kwa blanketi kuukuu. Huyo ndiye Daktari Gicuku. Alizaliwa kule chini Mbeere kwenye joto, akaolewa juu Kibugu kwenye majani chai, na ndani ya gari lake hapakukosa gambuti za kukanyagia matope. Alikuwa mhadhiri wetu wa uzazi kwa miaka yote niliyokuwa hapo, ila nusu ya masomo yake aliyafundisha akiwa amechuchumaa.

"Wewe ndio ule fundi wa pampu?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Daktari."

"Unajua kushona?"

"Hapana."

"Utajua."

Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeshona mfuko wa uzazi wa blanketi ambao, kwa maoni yake, ulifanana na soksi. Wa pili ulifaa. Yule mwanasesere wa ng'ambo tulimtengeneza, akaharibika, tukamtengeneza tena, kisha tukamfunika shuka na kumwacha apumzike. Wanafunzi walijifunzia kwenye vitu vyetu: fupanyonga la waya na sponji, mfuko wa blanketi, na watoto wa kitambaa niliowajaza mchanga na maharagwe ili wawe na uzito wa mtoto. Daktari aliwapima mikononi mmoja mmoja. "Huyu ana njaa," angesema. "Mwongeze." Mwaka mmoja maharagwe yalipata fukusi, na mtoto mmoja akaanza kutoa wadudu mbele ya mtahini aliyetoka chuo kingine. Daktari alimwambia mtahini kwamba hiyo ni hali nadra sana. Tangu siku hiyo nilitumia mchanga peke yake.

Kwa mazoezi ya kushona mama aliyechanika, hakuna kinachoshinda ulimi wa ng'ombe. Kila Jumatatu asubuhi nilishuka Majengo kwa mchinjaji mmoja aliyeitwa Salim. Baada ya wiki kadhaa alishindwa kuvumilia.

"Fundi, kwani kwako hawachoki na ulimi?"

"Si wa kula. Unaenda kushonwa."

Akauweka kwenye mizani, akautazama kwa huruma. "Kwani ulisema nini?"

Nilimsimulia Daktari, naye alicheka hadi akaketi. Mwaka huohuo binti yangu Kendi alizaliwa katika wadi yetu, akapokelewa na mikono ya Daktari. Kuanzia hapo, wakati chuo kizima kiliniita Fundi, yeye peke yake aliniita Baba Kendi. Huenda mkaona ni jambo dogo. Mimi nilikuwa nikilisikia kila mara.

Alikuwa na kanuni moja iliyowatesa wanafunzi. Asubuhi wakizunguka wadini, mwanafunzi wa zamu angeanza, "Daktari, leo tuko na akina mama kumi na wawili." Naye angemkatiza, "Sijakuuliza wangapi. Nani?" Ilibidi mwanafunzi ataje kila mama kwa jina na hali yake, bila kufungua faili. Akimaliza, akidhani ameokoka, Daktari angeuliza lile swali la mwisho ambalo hakuacha kuliuliza hata siku moja: "Na nani hatujamtaja?"

Wanafunzi waliona ni ukali. Mimi nilijua ulikotoka, au nilidhani najua. Kwao Mbeere, kama kwetu Meru, wazee hawakuhesabu watu wala mifugo kwa kidole, wakiamini kuhesabu huwaletea mkosi. Marehemu baba yangu alisimama jioni kwenye lango la boma, akawatazama mbuzi wakiingia, na bila kutaja idadi akasema yule mwenye sikio lililopasuka hajarudi. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na mambo hayo niliyaacha nyumbani pamoja na kaptula za shule. Nilimwona Daktari kama mtu mwenye akili nyingi na kasoro moja ya kishamba.

Kisha akaja Doris. Doris alikuwa mfanyakazi wa shamba la maua Timau, na alijifungua salama mchana siku ambayo vitanda vyote vilikuwa vimejaa. Muuguzi alimlaza kwenye benchi karibu na mlango, nyuma ya toroli la mashuka, akimtafutia nafasi. Jioni zamu ikabadilika, na Daktari akapita wadini kabla ya kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa wadini nikitengeneza mashine ya kufyonza, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho yangu. Mwanafunzi wa zamu alikuwa Kirimi, huyuhuyu mkuu wenu. Alitaja majina yote barabara, kitanda hadi kitanda.

"Na nani hatujamtaja?"

"Hakuna, Daktari. Vitanda vimejaa vyote, na nimehesabu mara mbili."

Daktari alikwenda kwenye daftari la kupokea wagonjwa, akashusha kidole kwenye ukurasa, kikasimama. "Doris ni nani?"

Tulimpata nyuma ya toroli. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, na blanketi lililomfunika lilikuwa limelowa damu upande wa chini. Daktari alipiga magoti palepale, mkono mmoja juu ya tumbo la Doris akilikanda, akasema bila kupaza sauti, "Baba Kendi, kondomu, katheta na uzi. Kimbia." Vitu hivyo vilikuwa maabara kwa sababu tulivitumia kwenye mfuko wa blanketi. Kondomu ilifungwa kwa uzi kwenye ncha ya katheta, ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo, ikaingizwa katika mfuko wa uzazi, ikajazwa maji ya dripu hadi ikafura na kuibana ile damu. Nilikuwa nimeona jambo hilo likifanyiwa blanketi mara nyingi sana. Kulifanyia mtu ni kitu kingine. Damu ilipungua, ikawa matone, ikakatika.

Baadaye nilimkuta Kirimi kwenye chumba cha mashuka akilia. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, akijifuta mikono.

"Nilihesabu, Daktari. Haki nilihesabu."

"Hesabu yako ilikuwa sawa," alimwambia. "Hiyo ndiyo shida yake."

Doris alirudi Timau na mtoto wake. Nami nilianza kufikiri kwamba labda ile kasoro ya kishamba haikuwa kasoro. Ningefikiri zaidi, nisingefanya nililolifanya.

Mnajua desturi ya idara. Kila mwaka mhadhiri mmoja hutambuliwa kwa mafanikio yake, na picha yake hutundikwa kwenye korido, sifa zake zikiwa zimeandikwa chini. Kupigilia misumari ilikuwa kazi yangu. Kwa miaka mingi niliwatundika maprofesa wenye makala na mikutano ya ng'ambo, watu wa maana, ambao baadhi yao waliwahi kuniuliza wadi iko upande gani. Hatimaye mkuu wa idara wa wakati huo, ambaye alistaafu zamani, aliamua kwamba mwaka huo jina litakalopelekwa ni la Gicuku. Nilifurahi mno, hata nikapigilia msumari kabla ya matokeo.

Fomu ilikuja. Daktari aliijaza kwa mwandiko wake mdogo: shule, vyeti, miaka ya kufundisha. Palipouliza amewahudumia akina mama wangapi, na amewaokoa wangapi, aliacha wazi. Mkuu wa idara aliniletea ile fomu akaniambia nimrudishie amalizie, kwani ilitakiwa kwa mkuu wa kitivo jioni hiyo. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Nami mezani nilikuwa na madaftari ya wadi niliyoletewa kuyashona migongo.

Mmeshaona jambo lilikokwenda. Nilifungua madaftari, nikaketi saa nzima nikihesabu. Nilihesabu kwa kidole, mimi mtoto wa yule mzee wa langoni. Nikaandika namba zote mbili kwa kalamu ya wino, nikaipeleka fomu mwenyewe, nikarudi nikipiga mluzi.

Sherehe ilifanyika ukumbini, kukiwa na viti vya kukodi na pilau. Mkuu wa kitivo alisoma sifa, na alipofika kwenye ile namba ya akina mama waliookolewa aliisoma mara mbili, kwa madaha, na watu wakapiga makofi sana. Nilimtazama Daktari. Alikuwa amesimama kwenda mbele, lakini mkono wake ulishika mgongo wa kiti na haukukiachilia kwa muda. Alikwenda, akapokea fremu, hakuiinua wapiga picha waione. Alipokuwa akitoka alinipita mlangoni.

"Nani alihesabu?"

"Ni mimi, Daktari."

Aliitikia kwa kichwa kidogo kama mtu aliyeelezwa njia, akaenda zake.

Haikupita wiki akaja Regina. Alitoka Kibugu, mchumaji wa majani chai, uzazi wake wa tatu, na alivuja damu baada ya kujifungua. Vifaa nilivipeleka mwenyewe. Kila kilichofanyiwa Doris kilifanyiwa Regina, na zaidi. Damu ya kundi lake haikuwa kwenye friji, na iliyoagizwa ilikuwa bado njiani alipofariki. Daktari alinawa mikono muda mrefu sana, maji yakitiririka hata baada ya mikono kuwa safi.

Asubuhi nilikuta ile fremu kwenye meza yangu ya kazi, imelazwa kifudifudi. Msumari wa korido ukabaki mtupu. Hakunisema kwa mtu yeyote, na kazi tuliendelea nayo kama kawaida, ila tangu asubuhi hiyo aliniita Fundi.

Nilivumilia mwezi mmoja, kisha nikaenda ofisini kwake na chai ya vikombe viwili.

"Daktari, nilikosa."

"Keti." Aliizungusha chai bila kuinywa. "Mimi ni daktari. Najua kilichomuua Regina. Ni damu kukosekana, si kidole chako. Lakini pia nililelewa na mama yangu, na ile siku iliposomwa hiyo namba nilihisi baridi mgongoni. Hiyo niachie mimi, si yako."

"Sasa nifanye nini?"

"Hebu nikuulize. Kwa hiyo fomu ulijaza, Regina anaandikwa wapi?"

Niliifikiria ile fomu kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na mahali.

"Ndiyo hivyo, Fundi," akasema. "Asante kwa chai."

Miaka ikapita. Mara mbili walitaka kumpendekeza tena, mara mbili akakataa. Wahadhiri wapya walikuja wakaona msumari mtupu wakadhani ni wa miavuli. Niliiondoa miavuli yao kila mara, na ndiyo sababu baadhi yenu mlinidhania mzee mkorofi. Nilishona mifuko ya blanketi, nikajaza watoto mchanga, nikashuka Majengo kwa Salim, baadaye kwa mwanawe. Wanafunzi waliingia wakiogopa lile swali, wakatoka wakiliuliza wenyewe. Mimi na Daktari tuliheshimiana, lakini sitawadanganya, nilikuwa na hamu na mtu niliyekuwa nikimwona kila siku.

Kirimi alipokuwa mkuu wa idara, Daktari Gicuku alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu, nami mihula miwili. Kirimi alikuja maabara na fomu mkononi. Ilikuwa ileile, wameibadilisha rangi tu.

"Fundi, nisaidie. Hawezi kwenda hivihivi. Lakini bila namba kitivo hawataipokea, na nikiweka namba yeye hataipokea."

"Usiwape wangapi," nikamwambia. "Wape nani."

Alinitazama, akaweka fomu chini. Jioni hiyo alituma ujumbe kwenye kundi la simu la waliowahi kuwa wanafunzi wa Daktari: kila mmoja alete jina lake na mahali anapozalisha akina mama leo. Majina yalikuja wiki nzima. Ishiara. Siakago. Mikinduri. Timau kwenyewe. Wengine Marsabit, wengine Lodwar, mmoja kwenye kambi ya wakimbizi. Nilijaribu kuyapiga kwenye kompyuta, lakini kila nikienda mstari mpya kompyuta iliweka namba yenyewe, moja, mbili, tatu. Niligombana nayo asubuhi nzima. Mwishowe nikanunua karatasi nzito na nikayaandika kwa mkono, jina chini ya jina. Ofisi ya kitivo ilipopiga simu kuuliza jumla yao, Kirimi alijibu kwamba karatasi wanayo, na kidole wanacho.

Siku ya kumuaga, Kirimi alisimama akasoma majina yote. Ilichukua muda. Watu walipiga makofi mapema, wakagundua bado, wakanyamaza. Mkuu wa kitivo alitazama saa mara mbili. Wengi wa waliotajwa walikuwa wamesafiri kuja, na kila mmoja aliposikia jina lake aliketi wima kama yuko wadini. Daktari alisikiliza mikono ikiwa imefumbwa mapajani. Mimi nilikuwa ukutani, nimeshika waya wa kipaza sauti, maana sauti ilikuwa ikikatika waya ukiachiliwa.

Kirimi alipomaliza, Daktari aliinuka. Tulitarajia shukrani. Alitazama ukumbi mzima akauliza kwa sauti yake ya asubuhi:

"Na nani hatujamtaja?"

Kirimi aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Madaktari wazima, wenye wadi zao, waliinamisha vichwa kama wanafunzi. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimejua tangu ile chai.

"Regina," nikasema.

Sauti ilitoka kidogo. Aligeuka kunitafuta.

"Sema wasikie."

"Regina. Wa Kibugu."

Vijana hawakujua ni nani, na waliokuwepo wakati ule walijua mara moja. Daktari alinitazama, macho yakiwa yamemjaa maji, na hakuyafuta.

"Ndiyo," akasema. "Mwandike, Baba Kendi."

Niliachilia waya, sauti ikakatika, na hakuna aliyejali. Niliazima kalamu ya Kirimi nikaandika jina hilo moja chini ya mengine, karatasi ikiwa juu ya goti langu, ndiyo maana mtaona herufi zake zimepinda. Karatasi haikutundikwa siku hiyo. Daktari aliibeba kwanza hadi Kibugu, akaketi na mume wa Regina, akamuuliza kama anaridhia. Wiki mbili baadaye aliirudisha, tukaiweka kwenye fremu ileile iliyolala kifudifudi kwenye kabati langu miaka yote hiyo, nikaitundika. Alirudi nyuma hatua tatu akaniambia imeinama upande wa kushoto. Ilikuwa imeinama kweli.

Basi ndiyo hiyo mnayoipita mkienda wadini. Msiyahesabu majina hayo. Yasomeni. Chini ya Regina nimeacha nafasi, na kalamu iko kwenye droo ya juu ya meza ya maabara.